Korongo Likijaa, Kukaa Nyumbani Si Uvivu

Katika nchi za baridi, kama Uingereza, Urusi na Kanada, iko siku ambayo mtu huamka asubuhi akakuta theluji imeziba mlango wake na njia yake. Siku hiyo haendi kiwandani, mtoto wake haendi shuleni, wala hapana jirani amwitaye mvivu. Sisi wa Tanzania theluji twaitazama kwa mbali juu ya Kilimanjaro, na mara chache, baada ya usiku wa baridi kali, juu ya kilele cha Meru. Haijapata kutuzibia mlango. Lakini tunayo yetu itufungiayo ndani, nayo ni mvua ya masika. Tofauti yetu na wenzetu ni moja: siku mvua inapotufungia, wengi wetu hatukubali kwamba tumefungiwa. Twatoka, twaingia majini, na wengine wetu hawarudi.

Tuchukue mfano wa kata ya Terrat, kusini mwa jiji la Arusha. Nchi ya huko hushuka polepole kutoka miguuni mwa Mlima Meru kwenda kwenye tambarare za Wamasai. Udongo wake mwingi ni ule mweusi unaonata, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua huwa kama ulimbo: gari huzama, pikipiki huteleza, na mwenye viatu huvivua akavishika mkononi. Wakaaji wake ni wafugaji na wakulima wa asili, pamoja na wafanyakazi wengi waliohamia huko kwa sababu viwanja vya mjini vimekuwa ghali. Kila asubuhi watu hao huelekea mjini: kibarua wa ujenzi, mlinzi, mpishi wa hoteli, mama auzaye mboga katika Soko Kuu au Kilombero. Na kati ya nyumba zao na kazi zao yapo makorongo.

Mgeni akiliona korongo mwezi wa Septemba atalicheka. Ni shimo refu la mchanga mkavu, mbuzi wanapita, na watoto wanacheza mpira ndani yake. Lakini Meru ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na udongo wa miteremko yake, uliotokana na majivu ya kale, huchimbika upesi. Mvua ikipiga huko juu mchana, maji hukusanyika kutoka mabonde mengi, hupita mjini juu ya mabati, saruji na lami ambavyo haviyanywi, kisha hutelemka tambarare kwa pamoja. Huenda Terrat jua linawaka wakati huo. Aliyevuka asubuhi kwa miguu mikavu hurudi jioni akakuta mto. Naye huyatazama maji hayo akayapima kwa macho, akajiambia kwamba hayazidi magoti. Hajui kwamba maji yaendayo kasi, yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima, na kwamba maji ya kina cha futi mbili huliinua gari na kuliondoa njiani.

Mambo haya tuliyajua zamani, lakini msimu wa mvua wa 2023 na 2024 ulitufundisha upya, tena kwa gharama kubwa. Mnamo Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza kwamba mvua za vuli zingezidi kiasi kwa sababu ya El Niño. Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima Hanang iliyolowa maji iliporomoka, na tope lenye mawe na magogo likaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Wenzetu wasiopungua 80 walikufa. Masika ya 2024 yakaja juu ya ardhi iliyokwisha kushiba. Aprili 25 mwaka huo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zilikwisha kuua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000, zenye watu zaidi ya 200,000, zilikuwa zimeathirika. Kabla machozi hayajakauka, Mei 4, Kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani yetu upande wa Mafia. Hakika ulikuwa wakati wa wasiwasi wa taifa zima, toka Rufiji hata Kilimanjaro.

Kwetu Arusha jeraha kubwa lilikuwa la Aprili 12, 2024. Asubuhi ya siku hiyo, katika viunga vya kusini mwa jiji, gari dogo lililokuwa likipeleka watoto shuleni lilisombwa na maji ya korongo, na watoto wakapoteza maisha. Siku hiyo hiyo, huko Monduli, taifa lilikuwa likitimiza miaka 40 tangu kifo cha Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, Aprili 12, 1984. Watu wa mkoa huu walikuwa na msiba wa zamani mkononi, wakapewa na mpya.

Tangu siku ile twajiuliza swali moja. Kwa nini watu hutoka? Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kila mtu aliyeishi upande ule ayajua makorongo yake. Sauti ya maji husikika kitandani. Kwa nini, basi, mzazi humvisha mtoto sare, dereva huwasha gari, na mfanyakazi hukunja suruali akaingia majini?

Twaona sababu tatu. Ya kwanza ni mkate. Kibarua asiyefika kazini leo halipwi leo, na akikosa siku mbili hukuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Ya pili ni woga wa adhabu. Mtoto achelewaye huchapwa au husimamishwa nje, na mzazi huogopa mtihani, tena huogopa kuambiwa kwamba amelipa ada bure. Ya tatu ni aibu. Sisi tumelelewa katika nchi iliyopigania uhuru wake na kisha ikatangaza Uhuru na Kazi. Tumefundishwa kwamba mtu akaaye nyumbani siku ya kazi ni kupe. Kwa hiyo mwanamume mzima huona haya kubaki ndani pamoja na watoto, mchana kweupe, eti kwa sababu ya maji.

Fundisho la kazi ni la kweli, wala hatukusudii kulipunguza hata kidogo. Azimio lililopitishwa mjini humu humu Arusha mwezi wa Januari 1967, na kutangazwa Februari 5, lilisema wazi kwamba msingi wa maendeleo ni watu na bidii yao, wala si fedha. Lakini tulisome fundisho hilo kwa akili. Ikiwa msingi wa maendeleo ni watu, basi kumpoteza mtu kwa ajili ya kibarua cha siku moja ni hasara ya taifa, na mtu huyo hastahili kuitwa shujaa wa kazi. Askari mwenye akili hujikinga risasi zinapopita, ili asimame tena zikiisha. Mfanyakazi aliyekaa nyumbani Jumanne kwa sababu korongo limejaa, na Jumatano maji yalipopungua akafika alfajiri, huyo hakuivunja heshima ya kazi. Aliyeivunja ni yule aliyemlazimisha kuchagua kati ya mshahara wake na uhai wake.

Hapa twataka kusema na waajiri, wakubwa kwa wadogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya mwaka, ya ugonjwa na ya uzazi. Ni jambo jema. Lakini jambo la korongo laweza kumalizwa na watu wenyewe kwa mapatano. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yanapokaa na waajiri kufanya mkataba wa hali bora, na waandike humo sentensi moja: kwamba siku ambayo njia imefungwa na maji, na uongozi wa mtaa umethibitisha hivyo, mfanyakazi hatafukuzwa wala hatakatwa mshahara, ila ataifidia siku hiyo kwa saa za ziada katika wiki zinazofuata. Mwajiri hapotezi kitu katika mapatano haya. Kazi yake itafanywa, na fundi wake aliyemfundisha kwa miaka mitano atakuwa hai kuifanya. Mkandarasi asiye na mkataba na vibarua wake na apatane nao kwa mdomo mbele ya mashahidi kabla masika hayajaanza.

Na shule je? Mwalimu mkuu na kamati ya shule hawana haja ya kungoja barua kutoka mbali. Maji hayangoji barua. Kila shule ambayo watoto wake huvuka korongo inafaa iwe na neno lililokubaliwa tangu mapema: mvua ikipiga usiku kucha, mtoto hatoki mpaka mtu mzima aliyewekwa kwa kazi hiyo ameyatazama maji akasema yapitika. Mtoto aliyebaki nyumbani kwa neno hilo asichapwe wala asiandikwe mtoro. Somo la siku moja hufidiwa Jumamosi. Hatujui Jumamosi inayomrudisha mtoto aliyechukuliwa na maji.

Lakini yupo mtu ambaye maneno yetu kwa waajiri hayamfikii. Ni yule mama wa mboga, ni yule kijana wa bodaboda. Hana tajiri wa kumkata mshahara, kwa kuwa tajiri wake ni njaa. Ukimwambia akae nyumbani atakuuliza: nikae, nile nini? Swali lake ni la haki, na anayelijibu kwa mahubiri matupu amemdharau. Jibu lake lapatikana karibu naye, nyumba kumi zinazomzunguka.

Taifa letu lilipata kufungiwa ndani zamani, si kwa mvua bali kwa bunduki. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, wakaingia Dar es Salaam. Maduka yaliporwa, watu wakafunga milango, wakakaa na redio zao bila kujua nani anatawala. Siku ya pili Mwalimu Nyerere alizungumza redioni, na tarehe 25 uasi ukazimwa kwa msaada wa askari wa Kiingereza, walioitwa na Serikali yenyewe kwa shingo upande. Nchi changa ilitambua siku zile jinsi viongozi walivyo mbali na mlango wa mwananchi wakati wa hofu. Katika miaka iliyofuata TANU ilieneza nchini kote mpango wa nyumba kumi kumi, kila kundi likiwa na balozi wake, ili pasiwe na nyumba hata moja isiyojulikana hali yake. Chama chetu kimeurithi mpango huo, na mashina yake yapo hadi leo.

Sasa twaomba ruhusa tuseme ukweli ndani ya nyumba yetu wenyewe. Je, mabalozi wetu wanafanya kazi hiyo? Wako wengi wanaoifanya, usiku na mchana, bila mshahara, na twawashukuru. Lakini wako pia mabalozi ambao mwananchi huwaona tu wakati wa kura na wakati wa mgeni mkubwa. Shina la namna hiyo limekauka, na mti haukai juu ya shina kavu. Msimu wa mvua ndio mtihani wa balozi. Tena tangu 1992 nchi yetu ni ya vyama vingi, na katika nyumba kumi zaweza kuwamo nyumba tatu zisizo na kadi yetu. Maji hayaulizi kadi, na balozi asiulize. Akimhesabu mwenzake wa chama na kumwacha jirani wa chama kingine, hakufanya kazi ya Chama cha watu, na kazi ile afanye bega kwa bega na mwenyekiti wa mtaa, awaye yote.

Kazi yenyewe si ngumu, nayo haihitaji semina. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, balozi apite nyumba kwa nyumba. Ajue yuko wapi mzee asiyeweza kutembea. Ajue ni mama gani atajifungua Aprili, ili ahamie mapema kwa ndugu aliye upande wa zahanati, kwa maana uchungu haungoji maji yapungue. Ajue nani anatumia dawa kila siku, ili awe nazo za mwezi mzima. Apige kigingi kando ya kivuko, akipake rangi nyekundu mahali maji yanapofika kuwa hatari, na watoto wote wafundishwe kwamba nyekundu ikizama hapana ruhusa ya kuvuka, hata mwalimu akiita, hata baba akiwa ng'ambo. Na kwa ajili ya yule mama wa mboga, nyumba kumi ziweke akiba ya masika: kila nyumba debe moja la mahindi baada ya mavuno, kilo chache za maharage, na shilingi kidogo kila wiki, zikae kwa mtu aliyeaminiwa na wote, kwa hesabu iliyoandikwa. Hapo ndipo twaweza kumwambia kwa haki: mama, leo usivuke, chakula kipo. Huo ndio ujamaa tunaouelewa sisi.

Balozi ana kazi nyingine pia, nayo ni ya ulimi. Watu waliofungiwa ndani katika wakati wa wasiwasi hulisha hofu yao kwa habari. Mwaka 1964 uvumi ulikwenda kwa miguu. Mwaka 2024 ulikwenda kwa simu ya mkononi. Mtu wa Terrat alikaa gizani, mvua ikipiga bati, akapokea picha ya mafuriko ya nchi nyingine ikisemwa kuwa ni ya mto wa jirani, akapokea sauti ya mtu asiyejulikana ikitangaza kwamba mlima utapasuka usiku. Wengine walitoka nje kwa uvumi na kuikuta hatari ambayo ndani haikuwepo. Ndugu wananchi, uvumi haunyamazishwi kwa amri. Hunyamazishwa na habari ya kweli inayofika mapema kuliko uongo. Balozi anayejua hali ya kivuko chake na kuitangaza saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa simu ile ile au kwa kupita mlangoni, huyo ametuliza nyumba kumi. Viongozi wakificha habari mbaya, wananchi watazitafuta kwa waongo.

Na sisi tuliomo ndani tusikae kama mizigo. Siku ya mvua ina kazi zake. Mkongwe azibuliwe mfereji wake. Jembe litiwe mpini. Mtoto asomeshwe na kaka yake yale aliyoyakosa. Mvua ikikatika, nyumba kumi zitoke pamoja na majembe, zifungue njia ya maji, maana mara nyingi maji yaliyoingia sebuleni yalifuata takataka tulizozitupa wenyewe mtaroni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita hizo hazikuwekwa kumwonea maskini. Ziliwekwa kwa kuwa mto una kumbukumbu, nao siku moja huirudia njia yake. Anayemuuzia mwenzake kiwanja ndani ya korongo mwezi wa Septemba amemuuzia kaburi, na anayechimba mchanga chini ya daraja analibomoa kwa jembe lake. Hao tuwataje vikaoni, hata wakiwa na kadi zetu.

Serikali nayo ina sehemu yake, wala hatuifichi. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017, ndio wenye dhamana ya barabara na vivuko vya mitaa. Twajua makorongo ni mengi na fedha hazitoshi kwa mwaka mmoja. Basi na zipangwe kwa haki: kivuko cha kwanza kujengwa kiwe kile ambacho watoto wengi huvuka kwenda shule, wala si kile kilicho mbele ya lango la mkubwa. Daraja la waenda kwa miguu halina fahari ya kukatiwa utepe, lakini ndilo litakalomaliza mjadala huu wote. Kigingi chekundu, akiba ya mahindi na neno la balozi ni ulinzi wa muda tu mpaka daraja hilo litakapokuja. Tusiutumie ulinzi huo kuwa kisingizio cha kutolijenga.

Masika huja kila mwaka. Yatakuja tena, korongo litanguruma usiku, na mtu wa Terrat ataamka alfajiri, atashika kitasa cha mlango, atafikiri juu ya kazi, na ada, na maneno ya watu. Twataka saa hiyo awe na mambo matatu: mwajiri aliyekwisha kupatana naye, chakula cha siku mbili nyumbani, na jirani aliyekwisha kuyatazama maji. Akiwa nayo, atauachia mlango na kuketi, na hapana atakayemwita mvivu. Wenye kuhakikisha kwamba anayo ni sisi, nasi tuanze kabla ya mvua.